Adapta ya kampuni, adapta ya pembeni au kazi ya fundi: kipi kinafaa kwa mashine yako iliyokwisha kupimwa?

Adapta ya EFD, ile mashine ya kutolea risiti za kodi, imeungua katikati ya siku ya soko pale Mbuyuni. Chaja ya redio koli imesahauliwa mlimani. Ruta ya ofisi Sakina inatakiwa iendelee kuwaka umeme ukikatika. Katika hali zote hizi mashine yenyewe ni nzima, na ilipimwa usalama kabla ya kuingia dukani. Unachotafuta ni cha kuongezea tu: adapta, chaja, betri ya akiba, au waya wa kuiungia kwenye sola.

Mteja wa Arusha au Moshi hapo huwa na njia tatu. Anaweza kuagiza kifaa cha ziada cha kampuni ileile iliyotengeneza mashine. Anaweza kununua cha kampuni nyingine chenye cheti chake. Au anamwita fundi amuungie kwa vipuri vyenye alama. Ipo na ya nne, ile adapta isiyo na jina la mtengenezaji wala modeli, inayouzwa ndani ya mfuko wa nailoni. Hiyo hatuilinganishi, kwa kuwa haina chochote cha kukagulia.

Kabla ya kulinganisha, geuza mashine yako usome lebo ya mgongoni. Alama zilizopo pale zinahusu mashine jinsi ilivyokuwa mezani pa maabara, ikiwa na adapta ambayo modeli yake iliandikwa kwenye ripoti, au kwa sharti la aina ya adapta lililotajwa kwenye kijitabu. Ukibandika adapta nyingine, alama haifutiki kwenye lebo, ila haijibu tena kwa niaba ya huo muunganiko mpya. Na cheti cha adapta nacho hakihamii kwenye mashine. Watu wengi hudhani vitu viwili vyenye alama vikiunganishwa vinazaa kitu cha tatu chenye alama. Havizai. Ndiyo maana hata kifaa cha ziada kilichotengenezwa vizuri kinaweza kuharibu usalama wa mashine iliyotengenezwa vizuri.

Vigezo tunavyopimia

Kila njia tunaiuliza mambo manne. Nani alipima, na alipima vitu viwili pamoja au kila kimoja peke yake? Umeme unaotoka una kikomo gani? Kinga kati ya umeme wa ukutani na mkono wako ikoje? Na karatasi za hapa nchini zinasemaje?

Kigezo cha pili kinahitaji maelezo kidogo, maana ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Kiwango kikuu cha usalama wa vifaa hivi leo ni IEC 62368-1, kilichochukua nafasi ya IEC 60950-1 na IEC 60065. Ulaya waliiacha rasmi 60950-1 tarehe 20 Desemba 2020, lakini adapta zenye namba hiyo ya zamani bado zimejaa madukani. Kiwango kipya kinagawa vyanzo vya umeme kwa nguvu vinayoweza kutoa hata pakiwa na hitilafu: kundi la kwanza halizidi wati 15, la pili halizidi wati 100, la tatu ni juu ya hapo. Kwenye lebo utaona PS2, yaani kundi la pili, au maandishi ya zamani LPS, yote yakimaanisha kwamba adapta haiwezi kusukuma zaidi ya wati 100 hata waya zikigusana. Watengenezaji wengi wa ruta, swichi na mashine ndogo hutegemea kikomo hicho. Kwa kuwa nguvu inayoingia ni ndogo, wanaruhusiwa kutumia plastiki nyepesi ambayo haikutengenezwa kuzuia moto. Ingiza chanzo kisicho na kikomo, na plastiki ile inabeba mzigo ambao hakuna aliyeipimia.

Kigezo cha tatu kina jambo la kwetu kabisa: mwinuko. Nafasi ya hewa kati ya upande wa volti 230 na upande salama ndani ya adapta hukadiriwa kwa mahali pasipozidi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ikiwa nyepesi, cheche huruka kwa urahisi zaidi, kwa hiyo nafasi lazima iongezwe: mara 1.14 kwa mita 3,000, mara 1.29 kwa mita 4,000, mara 1.48 kwa mita 5,000. Nafasi ya milimita 4 inayotosha chini inatakiwa iwe karibu milimita 6 ukifika mita 5,000. Arusha mjini ni kama mita 1,400 na Moshi iko chini zaidi, kwa hiyo nyumbani na ofisini hakuna tatizo. Ila njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro ina vituo vya Mandara kwenye kama mita 2,700, Horombo 3,700 na Kibo 4,700. Adapta nyingi za Kichina zina alama ya pembetatu ya mlima yenye maandishi 2000 m. Maana yake ni kwamba hazikupimwa kwa matumizi ya juu ya hapo. Hewa nyepesi pia hupoza vibaya, kwa hiyo adapta ileile huzidi joto la hewa iliyoizunguka kwa nyuzi nyingi zaidi Horombo kuliko Moshi.

Njia ya kwanza: kifaa cha ziada cha kampuni yenyewe

*Kupimwa.* Hapa ndipo penye uhakika mkubwa. Mashine na adapta zilikaa meza moja, zikapimwa joto zikiwa na mzigo kamili, zikajaribiwa kwa hitilafu ya makusudi. Lakini uhakika huo unakuja kwa modeli iliyotajwa tu. Kampuni moja inaweza kuwa na adapta kumi za volti 12, kila moja na plagi na ampea tofauti. Neno "orijino" la kaunta halitoshi. Namba ya modeli kwenye adapta ifanane herufi kwa herufi na ile ya kwenye kijitabu au ya adapta iliyokufa. Usiitupe ile ya zamani kabla hujapata mpya.

*Umeme.* Umekwisha kupangwa na kampuni, huna la kuhesabu.

*Kinga.* Ni nzuri, mradi iwe ya kweli. Majina makubwa ndiyo yanayoigwa zaidi, kwa hiyo njia hii ina bandia nyingi kuliko unavyotegemea. Soma pia sehemu ya mwinuko kwenye kijitabu. Kampuni nyingi huandika kikomo cha matumizi kwa mita. Ukiletewa adapta kutoka Marekani yenye plagi ya pini mbili bapa, angalia kwanza kama lebo inasema 100–240 V. Ikiwa hivyo, adapta yenyewe inafaa hapa. Badilisha waya wa ukutani upate wenye plagi ya pini tatu yenye fyuzi, na uachane na kiunganishi cha msafiri kisicho na fyuzi.

*Karatasi.* Muuzaji aliyeidhinishwa kwa kawaida ana cheti cha shehena na risiti yenye modeli. Ugumu wa njia hii ni upatikanaji: mara nyingi itabidi kuagiza Dar es Salaam au Nairobi, na mashine ikishakuwa ya zamani, adapta yake huacha kutengenezwa. Bei yake nayo ni ya juu kuliko nyingine.

Njia ya pili: cha kampuni nyingine chenye cheti chake

*Kupimwa.* Kilipimwa peke yake. Maabara ilithibitisha kuwa adapta hii haikuchomi wala haiwaki moto. Haikuulizwa kama inafaa kwa mashine yako. Kazi hiyo ya kulinganisha inakuwa yako, na inawezekana kabisa ukijua kusoma alama.

CE ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba ametimiza sheria za Ulaya. Kwa adapta ya kawaida hakuna maabara ya nje inayolazimika kuhusika, kwa hiyo CE ikiwa peke yake ni neno la muuzaji. Alama za UL au TÜV huwa na maabara ya nje nyuma yake, iliyopima sampuli na inayorudi kukagua kiwanda, na zina namba unayoweza kuitafuta kwenye hifadhidata zao za wazi mtandaoni. Ingiza namba, jina la kampuni litakalotokea lifanane na la kwenye lebo. Kama namba ni ya kampuni inayotengeneza waya wakati mkononi una chaja, alama imeibwa.

Kuna alama moja inayowapoteza hata mafundi wazoefu: R iliyogeuzwa ikaunganishwa na U. Hiyo ni alama ya UL kwa kipuri cha kuingizwa ndani ya mashine nyingine, chenye masharti yake ya namna ya kufungwa. Ubao wa pawa saplai ulio wazi wenye alama hiyo haujaidhinishwa kukaa juu ya meza ukiwa uchi. Unasubiri boksi, na boksi nalo ni sehemu ya usalama.

*Umeme.* Volti ziwe sawasawa. Ampea ziwe sawa au zaidi, maana mashine huchukua inachohitaji. Hapo wengi husimama. Ongeza mambo matatu.

Kwanza, tafuta LPS au PS2 kwenye lebo kama kijitabu cha mashine kinadai hivyo. Adapta ya volti 24 na ampea 6 ni wati 144. Imevuka kikomo hata kama volti ni zilezile.

Pili, plagi ndogo ya duara. Zipo mbili zinazofanana kwa macho: kipenyo cha nje milimita 5.5 zote, tundu la ndani 2.1 au 2.5. Ya 2.1 haitaingia kwenye pini ya 2.5, na hilo ni salama. Hatari ni ya 2.5 kwenye pini ya 2.1: inaingia vizuri, taa inawaka, lakini inacheza. Mguso mbovu huo unapata moto, plastiki ya tundu inaanza kuwa ya kahawia, na siku moja mashine inajizima ovyo. Mtu analaumu mashine. Itikise plagi taratibu ikiwa imechomekwa; ikicheza, irudishe dukani.

Tatu, mashine zenye printa, EFD ikiwemo, huvuta mkondo mkubwa kwa kitambo kifupi zinapochapa. Adapta yenye ampea pungufu itawasha mashine vizuri kabisa, kisha volti zinaporomoka risiti ikiwa nusu.

*Kinga.* Anza na plagi. Plagi zetu za pini tatu zinafuata umbo la BS 1363: pini mbili za umeme huvikwa plastiki nusu ya shina ili kidole kisiguse chuma chenye umeme, lakini pini ndefu ya ethi haivikwi nusu hivyo. Ukiona pini ya ethi ya chuma iliyovikwa nusu, plagi hiyo haikufuata kiwango. Ethi yake inaweza isishike kabisa ndani ya soketi. Kwa chaja zenye kinga mara mbili, pini ya juu inaweza kuwa ya plastiki tupu, na hiyo ni sawa, mradi lebo iwe na miraba miwili mmoja ndani ya mwingine. Pima pia umbali kutoka pini za umeme hadi ukingo wa chaja: usipungue milimita 9.5. Kwa waya wenye plagi, fungua uone fyuzi. Kwa waya mwembamba wa vifaa vidogo fyuzi ni ampea 3. Ikiwa ndani kuna 13, waya utaungua kabla ya fyuzi kukatika.

Swali linalorudi mara nyingi: mbona laptopu ya bodi ya chuma inawasha kidogo ngozi ikiwa kwenye chaja? Ndani ya adapta isiyo na ethi kuna kapasita ndogo inayovuka kati ya pande mbili kupunguza kelele za umeme, na mkondo kidogo hupita. Kwenye adapta iliyopimwa, kikomo cha kawaida ni miliampea 0.25, na kapasita ni ya aina ya Y, iliyotengenezwa ili ikifa isigeuke kuwa shoti. Kwenye adapta feki huwekwa kapasita ya kawaida. Mtekenyo unakuwa uleule mwezi wa kwanza, na kapasita hiyo ikipigwa na mrindimo wa umeme baada ya kukatika na kurudi, inaweza kuuleta umeme wa ukutani hadi kwenye bodi ya chuma. Kwa mguso wa mkono huwezi kuzitofautisha. Kinachobaki ni cheti kinachothibitika.

*Karatasi.* Usitegemee kila chaja ya nje iwe na alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, mwilini. Alama hiyo ni ya bidhaa iliyopewa leseni ya kuitumia. Bidhaa nyingi za nje huingia kwa utaratibu wa ukaguzi kabla ya kusafirishwa, ulioanza 2012, na kinachotolewa ni cheti cha ulinganifu cha shehena. Muuzaji wa jumla anacho; wa rejareja anaweza kuomba nakala. Bidhaa iliyotengenezwa Kenya yenye alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la huko, inatambulika chini ya sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2006. Na kama kifaa cha ziada kina redio ndani yake, yaani Bluetooth, Wi-Fi au laini ya simu, kinaingia kwenye mamlaka ya TCRA, ambao huidhinisha vifaa vya mawasiliano. Chaja tupu haimo humo.

Njia ya tatu: fundi na vipuri vyenye alama

*Kupimwa.* Hakuna maabara iliyopima kazi yenyewe. Vipuri vinaweza kuwa na vyeti, lakini muunganiko unategemea mkono wa fundi. Hilo halifanyi njia hii kuwa mbaya, mradi kazi ibaki upande wa volti ndogo. Mpaka wetu ni huo: fundi aunge kuanzia betri kwenda kwenye mashine. Upande wa volti 230 abaki na adapta iliyofungwa kiwandani, asiifungue. Mashine ya EFD ina lakiri, kwa hiyo nayo haiguswi ndani.

*Umeme.* Mfano wa kila siku: ruta ya volti 12, ampea 1, iungwe kwenye betri ya sola ya 12 V. Kosa la kwanza ni kuunga moja kwa moja. Betri ya "volti 12" hufika 14.4 ikichajiwa na hushuka hadi karibu 10.5 ikiisha. Ruta iliyotengenezewa 12 itapokea zaidi mchana na pungufu usiku. Weka konveta ya DC inayopandisha na kushusha, itoe 12 thabiti.

Kosa la pili ni kubwa zaidi: kukosa fyuzi. Betri ya 100 Ah waya zikigusana hutoa mamia ya ampea, na waya mwembamba huwa mwekundu kama koili ya jiko. Fyuzi ya ampea 2 ikae kwenye waya wa chanya, ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri. Ikiwekwa kwenye ruta, waya wote wa kutoka kwenye betri unabaki bila ulinzi. Kwa maandishi ya kiwango, fyuzi peke yake haitoshi kuigeuza betri kubwa kuwa chanzo chenye kikomo. Ndiyo sababu ya pili ya kutaka konveta, na iwe inayozuia mkondo wake yenyewe. Waya wa 0.75 mm² kwa umbali wa mita 5 hupoteza kama volti 0.23 kwa ampea 1, ambayo si tatizo. Kabla ya kuchomeka, pima kwa mita: chanya iko katikati ya plagi au nje? Mchoro mdogo wa duara kwenye lebo ya ruta unaeleza.

*Kinga.* Konveta iwe ndani ya boksi lenye matundu ya hewa, isifungwe kwa utepe juu ya mbao. Maungio yalehemiwe au yabanwe, yavikwe. Kwa volti 12 mshtuko si hofu. Hofu ni moto.

*Karatasi.* Hakuna cheti, kwa hiyo dai orodha: modeli ya konveta, ukubwa wa fyuzi, unene wa waya, tarehe. Karatasi moja iliyobandikwa ndani ya boksi inamwokoa fundi atakayekuja baadaye. Dhamana ya mashine inaweza kukataliwa, na kama jengo lina bima, uliza kabla.

Kwa hali yako

EFD au mashine ya malipo ya kadi dukani: ya kwanza. Ikikosekana, ya pili yenye volti zilezile, ampea zisizopungua na plagi isiyocheza. Mwulize msambazaji wa mashine kwa simu kabla ya kulipa.

Ruta na swichi ya ofisi umeme ukikatika: ya tatu inafaa kama tayari una betri ya sola na fundi anayekubali kuandika alichofunga. Huna betri? Kifaa kidogo cha akiba cha DC chenye cheti, yaani njia ya pili, hukuondolea kazi yote ya fyuzi na konveta.

Laptopu na simu: ya kwanza au ya pili, kulingana na mfuko. Hatuoni sababu ya kumwita fundi.

Redio koli na taa za kampuni ya utalii: mjini chaji kwa chaja ya kampuni. Ukipanda juu ya mita 2,000, acha chaja ya ukutani isiyoandikwa mwinuko huo, na uchaji kwa DC kutoka kwenye paneli au powerbank, maana volti 5 au 12 haziruki nafasi ile. Kagua kuwa betri ya redio ya kampuni nyingine imepimwa kwa IEC 62133-2. Betri ya lithiamu isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi 0. Usiku wa Kibo ilale ndani ya begi la kulalia, ichajiwe ikishapata joto.

Kliniki na zahanati: kwa kifaa kinachomgusa mgonjwa, ya kwanza tu, au kifaa kilichotajwa kwa modeli na mtengenezaji. Vifaa tiba hufuata IEC 60601-1, ambako mkondo wa kugusa katika hali ya kawaida haupaswi kuzidi miliampea 0.1, na wa kupita kwa mgonjwa mwenye waya uliounganishwa na moyo ni 0.01. Adapta nzuri ya laptopu yenye kikomo cha 0.25 ni salama mezani kwako na si salama kitandani kwake. Msimamizi wa vifaa hivi nchini ni TMDA.

Muuza duka anayetaka kuagiza chaja za jumla: omba kwa mtengenezaji ripoti kamili ya majaribio, siyo ukurasa wa kwanza peke yake. Humo mna picha za ndani ya chaja na orodha ya vipuri muhimu. Shehena ikifika, pasua moja, ulinganishe ubao wake na picha: kapasita ya Y, transfoma, fyuzi, nafasi kati ya pande mbili. Visipofanana, hata kama lebo ni ileile, usizipange kwenye rafu, na uwasiliane na ofisi ya TBS ya Kanda ya Kaskazini hapo Arusha kabla ya kuuza hata moja.